Mama Mastula na Darasa la Jumanne

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, Mama Mastula Namwase atakabidhi ufunguo wa chumba cha mazoezi na kustaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha afya kwa miaka thelathini na mmoja katika matawi ya Jinja na Mbale. Wenzangu wameniomba mimi, karani wa kumbukumbu, niandike machache juu yake, kwa sababu dirisha langu linatazama mlango wake.

Alianza mwaka 1994 kama mhudumu wa wodi ya wazazi hapa Jinja. Alipiga deki, alibadilisha mashuka, na aliwashika mkono akina mama waliokuwa wakishuka kitandani kwa mara ya kwanza. Hapo aliona kwamba wengi walikwenda nyumbani na maelezo mengi kuhusu mtoto, lakini hawakuambiwa neno lolote kuhusu migongo yao, matumbo yao, au aibu ya kuvuja mkojo wanapokohoa. Akaomba ruhusa akasome tiba ya viungo. Alikataliwa mara mbili. Mara ya tatu alipeleka barua ile ile, ila alikuwa ameipiga pasi kwa sababu ilikuwa imechakaa. Alirudi na cheti mwaka 2001.

Miaka miwili baadaye alitumwa Mbale kuanzisha mazoezi kwa wazazi wapya wa mtaa wa Namatala. Huko alifanya kosa ambalo hupenda kulisimulia mwenyewe. Mama Mastula ni mtoto wa kambini. Baba yake alikuwa mpishi wa jeshi, na Kiswahili chake alikiokota pembeni mwa gwaride. Siku ya kwanza alisimama mbele ya akina mama akapaza sauti: lala, kunja goti, kaza, legeza, moja, mbili! Bibi mmoja aitwaye Kadija alikuwa amemsindikiza binti yake. Bibi huyo aliikumbuka vizuri miaka ya utawala wa kijeshi, na sauti ya namna hiyo aliisikia mara ya mwisho kwenye vizuizi vya barabarani. Akamwinua binti yake, akauliza, "Afande, hawa watoto wetu unawapeleka vita gani?" Wote wakatoka naye. Juma lililofuata hakuja mtu.

Mtu mwingine angeandika ripoti kwamba wanawake wa Namatala hawataki mazoezi. Yeye alikwenda kwa Bibi Kadija, akaomba radhi, akatandika mkeka uani na kulala juu yake mwenyewe. Akawaomba akina mama waliokuja kutazama wamhesabie kwa Kimasaba, lugha ya huko. Yeye ni Msoga, na kila alipofika saba alikosea, wakacheka, wakamsahihisha. Tangu siku hiyo hakufundisha tena akiwa amesimama. Hata desturi ya kumfunga nakawere, yaani mzazi mpya, tumboni kwa kitambaa hakupigana nayo. Aliomba tu iachwe nafasi ya vidole viwili, ili mzazi avute pumzi hadi chini, na kazi ya kupima vidole hivyo akamkabidhi Bibi Kadija. Wanasema hakuna askari aliyewahi kukagua kwa ukali kama ule.

Mwaka 2014 alirudi Jinja na kuanzisha darasa la Jumanne. Hakumharakisha mtu. Waliojifungua kwa upasuaji walianza na kupumua na kutembea hadi langoni, basi. Waliopata nguvu walijifunza kukaza misuli ya chini, kuinua kiuno, na kuchuchumaa bila kuumia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo siwezi kuliruka, ingawa halinipi sifa. Mwaka 2017 alikuja mlangoni mwanamke wa Masese, jina lake Nangobi, muuza mukene, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa amehangaika na uchungu siku mbili, na mtoto hakuishi. Alivuja mkojo akitembea na hakuweza kuchuchumaa kunyanyua beseni lake. Bila beseni hakuwa na kazi, na kwa mumewe walikwishaanza kunong'ona kwamba arudishwe kwao. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandikisha. Daftari lilidai namba ya kadi ya mtoto. Yeye hakuwa nayo, nikamwelekeza foleni ya wagonjwa wa kawaida. Hakwenda kwenye foleni. Alikwenda zake.

Mama Mastula alimwona akipita langoni huku ameshikilia uzio. Akaniuliza ni nani. Nikamweleza habari ya kadi. Akaniangalia bila hasira, akasema, "Enos, kadi hana, lakini mwili wake umezaa." Mchana ule ule alipanda boda kwenda Masese kumtafuta.

Alimpeleka kwanza kwa daktari, ambaye alisema hakuna kilichopasuka ndani, ila misuli imelegea sana. Kisha akamfanyisha mazoezi nyumbani majuma matatu, kila jioni baada ya kazi. Juma la nne akamleta darasani na kumtandikia mkeka kando ya wake. Kwetu wapo wanaoamini kwamba mama aliyefiwa na kichanga akikaa karibu na vichanga vya wenzake, msiba utawafuata. Wawili waliinuka wakaondoka. Ndipo Shamim, mwenye duka la vitambaa na mama wa mapacha, akasema, "Sogeeni basi, akina mama, migongo yetu yote inauma," wakasogea.

Katika mwezi wa tano wa mazoezi Nangobi alipita hapa asubuhi na beseni kichwani. Hakuingia. Alilitua chini mbele ya dirisha langu, akachuchumaa, akalinyanyua tena peke yake, akaenda zake sokoni. Nadhani alitaka nione.

Lakini viongozi wa kituo waliandika kwamba darasa ni la mama na mtoto, na kwamba aliyepokelewa bila kadi alikuwa wa mara moja tu. Mama Mastula alilileta suala hilo katika kila kikao kwa miaka miwili. Ajenda ikiwa paa linalovuja, yeye alizungumzia paa, kisha wanawake wasio na kadi. Mwenyekiti akawa anaacha dakika tano za mwisho kwa ajili yake. Mwaka 2019 walikubali. Nilipiga mistari ya daftari jipya kwa mkono wangu, na safu ya kwanza inauliza swali moja tu: ulijifungua lini?

Niongeze kumbukumbu moja ndogo. Mke wangu Maximilla alipofariki mwaka juzi, nilirudi kazini mapema mno. Mama Mastula hakunihubiria. Kila siku saa nne alikuja dirishani, tukazunguka ua mara mbili, yeye akinieleza habari za mihogo yake, kisha nikarudi kwenye majalada. Alifanya hivyo mwezi mzima.

Darasa linabaki mikononi mwa Dorothy, aliyejifunza kwake kwa miaka sita. Jumanne iliyopita waliandikishwa wanawake ishirini na wawili. Watatu walikuja bila mtoto. Walitandika mikeka yao katikati ya wenzao, na hakuna aliyeuliza kitu.

Mama Mastula, kwa niaba ya wafanyakazi wa Jinja na Mbale, na kwa niaba ya akina mama ambao majina yao nimeyaandika kwa mkono huu, asante sana. Tunajua kule nyumbani kwako Wanyange hutakaa kitako. Basi lima polepole, lala mchana, na Mungu akupe siku nyingi za afya na furaha.

Enos Wangila
Chumba cha Kumbukumbu, Jinja