Siku Tisa za Kocha Kunja

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nitasoma polepole, na mwenye haraka avumilie, kwani tunayemzika hana haraka tena.

Mdogo wangu, ambaye nusu yenu mnamjua kwa jina la Kocha Kunja tu, alizaliwa Jumanne tarehe 18 Aprili 1961, mtoto wa nne na wa mwisho wa seremala na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, nami nikiwa na miaka sita nikapewa nimbebe, nikambeba mpaka mgongo ukazoea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, ambako mwalimu wa hesabu alimwingiza kwenye mpira wa kikapu, ingawa kimo chake ni hicho mnachokiona kwenye jeneza. Tarehe 7 Oktoba 1978, katika fainali, shule yao ikiongoza kwa pointi moja, yeye akiwa amemkaba mtu wake huku amesimama wima kama mlingoti, yule mtu alimpita ubavuni, akafunga, filimbi ikalia. Alirudi nyumbani akakataa kula, akaniambia, dada, sikukunja magoti, nami nikamwambia ale, maana njaa haifuti matokeo.

Tarehe 2 Januari 1980 aliajiriwa kuwa mtunza stoo katika kiwanda cha nguo, akakaa huko hadi kilipofungwa tarehe 30 Juni 2004, na ndiko alikoanzisha timu ya kikapu ya wanawake mwaka 1986, akaifundisha miaka thelathini na tisa bila malipo, ukiondoa chai.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1987 na wifi yangu huyu muuguzi aliyekaa mbele, wakajaliwa mtoto mmoja wa kike tarehe 3 Machi 1990, ambaye leo ni fundi umeme, na ambaye aliichezea timu ya baba yake miaka tisa asisifiwe hadharani hata siku moja.

Kwa wasiojua kazi yake, kila msimu ulipoanza, siku kumi na nne za mwanzo, Jumapili haihesabiwi, wachezaji hawakugusa mpira, mipira ilifungiwa stoo, ufunguo ukakaa shingoni mwake. Alichukua kamba yangu ya kuanikia nguo, hakuomba, akaivuta uwanjani usawa wa kifua, wakawa wanapita chini yake kwa ubavu, magoti yamekunjwa, mikono imetanuliwa, mguu usivuke mguu, na nywele za mmoja zikigusa kamba wote wanaanza upya. Wapita njia waliwaita timu ya kaa. Mchezaji mmoja aliwahi kumuuliza, kocha, huo mpira tunaoukaba uko wapi, akajibiwa, anao mwenzio, ndiyo maana unakunja. Mimi siku hizo zote nilianika nguo kwenye viti, nikamtukana, akanizoea.

Novemba 2023 alianza kuugua moyo, daktari akamkataza kusimama sana na kupiga kelele, akaacha kelele, akatafuta fimbo ya kugonga sakafu, akadhani hiyo ndiyo dawa. Jumatano iliyopita, tarehe 12 Februari 2025, siku ya tisa ya mazoezi, saa kumi na moja na robo jioni, aliketi kwenye benchi akainamisha kichwa, na wachezaji wakaendelea kupita chini ya kamba, kwenda na kurudi, kwa sababu aliwafundisha wasisimame mpaka agonge fimbo, na fimbo haikugongwa. Walikwenda dakika kumi kabla mmoja hajamtazama. Alifariki hospitalini kesho yake saa tatu asubuhi, wifi akiwa ameshika mguu wake.

Daktari alituambia dakika kumi zile zisingebadili kitu, nami nilimuuliza mara mbili, naye alijibu vilevile mara zote mbili. Nalisoma hili kwa sababu wapo wasichana hapa wanaotazama sakafu tangu juzi, na wamesema hawarudi tena chini ya kamba ile. Inueni nyuso. Mlifanya alichowaambia, na ni wachache waliowahi kumtii hivyo, mimi simo.

Jana mwenyekiti wa timu alikuja kwa nia njema kuniomba ufunguo, ambao sasa ninao mimi, ili mpira uwekwe juu ya jeneza, nikakataa, kwa kuwa tisa si kumi na nne. Jumatatu saa kumi jioni binti yake atasimama na fimbo, Ijumaa tarehe 21 zitatimia, Jumamosi njooni kwangu mchukue ufunguo. Kamba ibaki huko huko, nguo zangu ziko kwenye viti, na wiki hii viti ni vingi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta maji, maturubai na hivyo viti, waliofanya naye kazi kiwandani, na wachezaji wake wa zamani na wa sasa.

Mdogo wangu, siku tano zilizobaki zina mtu. Sasa nyoosha magoti. Pumzika kwa amani.