Sanobar wa Obisard, Aliyesikia Maji Ukutani

Wazee wetu wa Zerkoh humu mlimani, shemeji zetu mliopanda kutoka mtoni, na nyinyi wa Bolokoh mlioshuka kutoka vileleni, ambao mbuzi wenu wanakula maua ya msiba huko nje, poleni sana. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na Chaman, wifi wa marehemu. Familia ilitaka asome mtu aliyemjua marehemu kwa karibu. Chaman alimfuata nyuma miaka mingi kuliko mtu mwingine yeyote, basi kazi ikamwangukia yeye.

Marehemu Sanobar, binti wa Shodmon mvuvi na Bibi Zarrina, alizaliwa tarehe 3, Mwezi wa Mafuriko, mwaka wa 409, juu ya chelezo cha babu yake, kwenye kona ya mto Obisard iitwayo Kiwiko. Alikuwa mtoto wa tano na kitinda mimba. Alizaliwa mdogo hata kwa sisi Watirmi, tulio watu wafupi. Mkunga alimlaza ndani ya kapu la samaki ili apate joto, na ilibidi paka afukuzwe mara mbili. Alipokua mtu mzima alifikia shibiri nne kasoro vidole viwili, na hakupenda mtu avitaje hivyo vidole viwili.

Wa mtoni hawana shule yenye kuta. Bibi yake alimfundisha kuweka sikio kwenye mti uliolowa na kusema mto uko kina gani, unakula ukingo upi, na umeghadhibika au umeshiba. Mwaka wa 417 alipelekwa Bolokoh kwa Mwalimu Mohtob ajifunze kusoma na kuandika. Kama mnavyojua, watu wa Bolokoh hawamwamini mtu ambaye mbuzi hajamlamba. Siku ya kwanza aliwekwa zizini tangu asubuhi, na mbuzi hata mmoja hakumsogelea. Adhuhuri akatoa kipande cha samaki wa chumvi kwenye mfuko wake, akajipaka mashavuni. Zizi zima lilimjia, na beberu mmoja akamla kofia.

"Huyu mjanja," Mwalimu Mohtob alisema. "Mpeni kalamu."

Alisoma huko miaka mitatu. Kisa hicho alipenda kukisimulia mpaka uzeeni, ingawa hapa Zerkoh hakikumsaidia. Watu walikunja midomo wakaambiana, "Mnaona? Tangu utotoni."

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuza samaki wakavu kwenye gulio la vuli, pale Daraja la Mawe, ambako wa mtoni, wa mlimani na wa vileleni hukutana kubadilishana vyakula. Hapo ndipo Pulod, kaka yake Chaman, alipomwona. Pulod alinunua samaki kwake vuli tatu mfululizo. Nyumbani hakuna aliyejua, kwa kuwa Pulod hali samaki, hata harufu yake humtia kichefuchefu. Siri ilifichuliwa na paka wa nyumbani, aliyenenepa mpaka akashindwa kupita kwenye tundu lake.

Mama yao, marehemu Bibi Oymoh, alimwita Pulod akamkalisha chini. "Mwanangu, mke wa mtoni? Watu wanaolala juu ya kitu kinachotembea?"

"Wanalala vizuri tu, mama."

"Wewe umejuaje wanavyolala?"

Walifunga ndoa tarehe 20, Mwezi wa Mishmishi, mwaka wa 428. Siku ya harusi sahani zilihesabiwa kabla ya wageni wa mtoni kuingia, zikahesabiwa tena walipotoka. Zilizidi moja. Hilo nalo liliwatia watu shaka kwa muda mrefu.

Ndivyo tulivyolelewa Zerkoh. Hatukai tumeupa mlango mgongo, na mgeni huonja chakula kabla yetu. Sanobar aliingia kwenye maisha hayo na tabia zake za mtoni. Hakuita mtu kwa jina akiwa mbali, alipiga mluzi. Alitembea bila viatu. Na kila asubuhi alikwenda Ukumbi wa Chini, mmoja wa kumbi tulizochimba ndani ya mlima, akabandika sikio ukutani, akasogea hatua tatu, akabandika tena. Ukumbi huo ndio uliokuwa na ghala letu. Wanawake wakasema anahesabu magunia kwa sauti ya panya. Bibi Oymoh akamwagiza Chaman amfuate popote aendako, na Chaman akafanya hivyo miaka mitatu, akiwa amevaa soksi za sufu asisikike. Hakuona kitu hata kimoja. Jambo hilo lilimtia wasiwasi kuliko kama angeona.

Mwaka wa 431, mwanzoni mwa Mwezi wa Mafuriko, theluji ya vileleni ilipoanza kuyeyuka, Sanobar alisimama barazani. Alikuwa na binti yake Mohira mgongoni, mtoto wa mwaka mmoja.

"Maji yako nyuma ya Ukumbi wa Chini," alisema. "Yamepata njia mpya. Siku tatu, zikizidi sana nne. Tokeni."

"Maji gani, wewe?" aliuliza Mzee Ismat, mshika funguo wa wakati huo. "Ukuta ule mkavu kama kisigino changu."

"Ukavu wake ndio unaonitisha, Mzee. Miaka yote mitatu ulikuwa unatoa jasho. Tangu juzi umekauka, na huko nyuma kunanguruma."

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Tukitoka wote, ghala abaki nalo nani? Kaka zake?"

Watu wakacheka kicheko cha meno tu. Pulod akasimama. "Huyo mnayemsema ni mke wangu!"

"Ndiyo sababu wewe hatukuulizi," mama yake akamjibu.

Sanobar alingoja kelele zitulie. Akamfungua mtoto mgongoni, akampa Pulod. "Basi nifungieni mimi humo humo ghalani, kufuli likae nje. Nikiwa mwongo, mnajua nilipo. Nikiwa mkweli, mnifungulie mara mkisikia maji."

Neno hilo walilielewa, kwa kuwa dhamana ni lugha ya Zerkoh. Watu mia mbili na zaidi walitoka wakapiga kambi kwenye msitu wa mijozi. Mzee Ismat alilipaka kufuli mafuta ya kondoo, akalifunga, na ufunguo akampa Chaman. Alimchagua kwa sababu moja: hapakuwa na mtu aliyemshuku Sanobar kuliko yeye, hivyo asingemfungulia kwa huruma. Sheria yetu inajulikana. Mwenye ufunguo akimwacha mtu kwenye hatari, hutolewa mlimani na harudi.

Ndugu kadhaa waliomba aya inayofuata isisomwe leo. Inasomwa.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, ukuta wa Ukumbi wa Chini ulipasuka. Chaman alikuwa ameketi kwenye kidato nje ya ghala. Alisikia ngurumo, akayaona maji yakija. Na kutoka ndani akasikia mluzi, mfupi, mfupi, mrefu. Akajiambia, anawaita wenzake. Akajiambia, labda maji haya wameyaleta wao. Alisimama na ufunguo mkononi, akatega sikio kusikia nani atajibu mluzi ule. Hakujibu mtu. Maji yakamfika vifundoni, na mluzi ukaendelea. Yakamfika magotini. Magoti yetu hayako mbali na ardhi, lakini huo ni muda wa kutosha mwenye ufunguo kufungua mlango mara kumi.

Ndipo alipofungua. Humo ghalani, ambamo sakafu iko chini sana ya kidato, Sanobar alikuwa juu ya magunia, maji yale ya theluji yamemfika kifuani, midomo ya buluu. Walishikana mikono wakapanda. Kufikia jioni Ukumbi wa Chini ulikuwa umejaa mpaka darini. Katika nyumba sitini za ukumbi ule hakufa mtu hata mmoja.

Msituni watu waliwazunguka. "Mbona mmechelewa hivyo?" Bibi Oymoh aliuliza.

Chaman aliutazama ufunguo mkononi mwake. Sanobar, huku meno yakigongana, akasema, "Kufuli lilikuwa na kutu."

Mzee Ismat alilitazama kufuli, akamtazama Chaman, kisha akainama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Alikwenda kaburini na lake moyoni.

Baada ya hapo Sanobar aliteuliwa msikilizaji wa kuta wa Zerkoh, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na tisa. Alionya mara nne, na mara zote nne watu walihama bila kubishana sana. Mwaka wa 435 alimzaa Davron. Alilisha mayatima, alisuka mikeka ya kumbi zote, na aliwafundisha wasichana wanane kusikiliza maji, wawili kati yao kutoka Bolokoh.

Chaman hakuwa na raha miaka yote hiyo. Alijua kwamba mtu hasemi uongo wa kumwokoa adui yake bure. Basi anaweka akiba ya nini? Sanobar alipomletea uji wa matunda ya mishmishi, alimwonjesha paka kwanza. Alipomchagua awe mlezi wa Davron, Chaman alikaa siku saba akitafuta mtego uko wapi. Akisikia wifi yake anacheka na majirani, alijibanza mlangoni asikie kama leo ndiyo leo. Siku hiyo haikufika.

Kikohozi kilimwanza Sanobar msituni, siku ile ile ya maji, wala hakikumwacha. Mwaka wa 460 mganga wa Warefu alipiga magoti akaingia nyumbani kwake kwa kutambaa, akamsikiliza mgongo, akasema pafu la kushoto limekwisha. Mwaka huo akaacha kazi. Tangu mavuno yaliyopita hakuinuka kitandani, na Chaman ndiye aliyemuuguza, kwa kuwa wanaume wa nyumba ile hawajui hata kuchana nywele.

Asubuhi ya tarehe 12, Mwezi wa Jozi, akimsuka, Chaman alimwuliza. "Wifi. Ile siku ya maji, ulijua kwamba nilikuwa nimesimama tu?"

Sanobar alikohoa kwanza. "Nilikusikia unapumua. Mbao za mlango ule nyembamba."

"Mbona ukasema kutu?"

"Siku ile ndiyo waliniamini kwa mara ya kwanza. Ningesema juu yako, wangeniita mwongo tena kabla nguo hazijakauka."

"Ni hivyo tu? Hukuwa umenisamehe?"

"Nikusamehe? Nilikuchukia mpaka Davron alipoota meno. Halafu nikachoka, nilikuwa na mtoto mchanga na kazi." Akavuta pumzi. "Ulifungua, Chaman. Na hapo usivute sana, unaniumiza."

Marehemu alifariki tarehe 14, Mwezi wa Jozi, mwaka wa 467, saa nne asubuhi, katika Ukumbi wa Juu, Pulod akiwa amemshika miguu kwa mikono yake miwili. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Kwa ombi lake anazikwa nje ya lango, si ndani ya mlima wala si majini, na kaka yake Nozim ametupa ruhusa hiyo kwa niaba ya wa mtoni.

Ameacha mume, Pulod, ambaye tangu juzi anakula samaki. Ameacha binti, Mohira, na mumewe wa Bolokoh, mwana, Davron, wajukuu wanne, wa mwisho akiwa na siku tisa na bado hana jina, kaka watatu, Nozim, Sharaf na Toshmat, wanafunzi wanane, na wifi mmoja.

Wazee wakiwa na neno na huyo wifi, tunawaomba wangoje kwanza kaburi lifukiwe.

Mlima umpokee taratibu, na mto ukubali. Pumzika, Sanobar.