Mkwe Wangu na Mashine ya Presha

Mheshimiwa Mwakilishi wa Ubalozi wetu. Waheshimiwa maprofesa na madokta, wale wa kutibu na wale wa kusoma. Mashehe, wachungaji na mapadre. Mama zangu na dada zangu mliopika tangu jana. Wazee wenzangu mliojipanga nyuma karibu na birika la chai, nawaona. Na ninyi watoto wetu mnaosikia Kiswahili chote halafu mnajibu kwa Kiingereza: nawasalimu nyote. Aliye mkubwa kuliko mimi humu ndani anyooshe mkono nimpe shikamoo yake. Hakuna? Nilijua. Basi marahaba.

Mimi ni Anyisile Mwasomola wa Tukuyu, na sasa naishi Laurel kwa mwanangu Lusekelo. Kamati ilinipa dakika tano. Nikawauliza, mtu aliyesimamia wachuma chai shamba zima kwa koo lake tupu, bila kipaza sauti, na mvua ya Rungwe inamnyeshea, anapewaje dakika tano? Wakatazamana. Na hotuba hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mkono wa darasa la nne, lakini darasa la nne la wakati ule, ambalo ukililinganisha na vyuo vya leo… basi, tuyaache. Maprofesa wapo, na wametualika.

Ndugu zangu, leo tunafungua Siku ya Utafiti ya watu wa Kiswahili wa Washington, Maryland na Virginia, na mimi ndiye niliyeombwa kuifungua. Walitafuta mtu anayefaa, wakampata. Nimezitembelea meza. Nimemwona Dokta Kamande, Mkenya wetu, anayechota maji ya mto Potomac na kuyatia kwenye vichupa ili ajue samaki wanakula nini na nini kinawala samaki. Nikamwambia, "Kamande, sisi shambani maji mabaya tuliyajua kwa kuonja." Akanishika mkono, "Mzee, haya usionje." Kijana ana adabu. Nimemwona Mwalimu Domina, anayefuatilia watoto wa Herndon darasani, apate kujua kama mtoto anayesemeshwa lugha ya kwao nyumbani anashika masomo vizuri zaidi. Nikamwambia jibu ninalo siku nyingi. Akaniuliza, "Ushahidi uko wapi, Mzee?" Nikamwonyesha Lusekelo. Akacheka, akaandika kitu. Natumaini aliandika jina langu.

Lakini meza ya tatu sikuifikia, na nyote mmeona. Meza ile ya kitambaa cha kijani yenye mashine ya kupima presha, anaposimama mke wa mwanangu. Nilipoikaribia, yeye alitoka kwa mlango wa pembeni, nami nikageukia dirishani nikatazama magari. Wasiotufahamu wakadhani tumegombana. Hatujagombana. Tungegombanaje, watu ambao hatujawahi kuzungumza?

Niwaeleze wageni. Kwetu sisi wa Tukuyu, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Halitaji jina langu, silitaji jina lake. Hali chakula nami, hapiti mbele yangu, hagusi kiti changu. Si chuki hiyo. Ni heshima ya juu kabisa, na ukiona watu wanaishi hivyo ujue nyumba hiyo ina msingi. Mtasema, kijijini sawa, nyumba ni nyingi na migomba inaficha. Laurel je? Apatimenti ina korido moja na bafu moja! Ndiyo. Na tumeweza. Mimi nikikohoa, anajua natoka chumbani, anapisha. Yeye akigonga mwiko kwenye sufuria, najua yuko jikoni, nangoja. Miaka yote niliyokaa hapo hatujagongana hata mara moja. Niambieni, ninyi wa barabara kuu na taa zenu za rangi tatu, nani kati yenu anaweza kusema hivyo?

Na yeye si wa kwetu. Ni Mhaya wa Muleba, kwao jambo hili hawana kwa ukali wetu. Angeweza kusema, "Tuko Marekani." Hakusema. Siku ya kwanza tu nilipofika, Lusekelo alimweleza, akaitikia, na toka siku hiyo mimi namjua kwa chakula chake na kwa mwiko wake. Hata sauti yake sikuijua. Ndani ya nyumba ananong'ona.

Sasa sikilizeni utafiti wake, maana hapa ndipo penye kisa. Anatafuta kwa nini wazee wetu waliotoka kwao wazima wanafika huku presha inapanda na figo zinachoka. Je, ni chumvi? Ni kazi za zamu? Ni baridi, au ni kukaa peke yako mchana kutwa ukitazama maegesho ya magari? Hajui, na kwa sababu hajui anapima. Vijana walikwenda wakapimwa. Kina mama walikwenda. Wazee wa kiume hawakwenda. Na waliompa kazi hiyo wamemwambia wazi: mwezi huu ukiisha bila wazee, utafiti unafungwa.

Kwa nini hawakwenda? Mwulizeni huyu hapa wa mbele mwenye mkongojo, Mzee Jabir wa Unguja, jirani yangu wa ghorofa ya chini, mpinzani wangu wa bao, ambaye ananifunga siku nikiwa na usingizi. Ndiye aliyesema mbele ya wazee wote: "Mie ntampaje mkono wangu mtoto huyu, na baba mkwe wake yumo ndani hajampa wake? Mchuzi ukiwa mtamu, mbona mwenye nyumba hali?" Wazee wakasema maneno hayo yana akili. Na Bi Wairimu wa Herndon, ambaye hajapata kuogopa mtu, akaniuliza palepale, "Mzee, hii ni desturi ama ni uoga?" Bi Wairimu, nilikwambia siku ile na leo narudia: Mwasomola haogopi kitambaa kinachojazwa upepo.

Ikawa hivyo. Mkwe wangu amepima Laurel, amepima Oxon Hill, amevuka mto akapima Virginia, na mzee anayelala nyuma ya ukuta wake hakumpima. Hakulalamika.

Kisha ikaja ile harusi ya Oxon Hill. Wengi wenu mlikuwepo, mlikula. Mimi na Jabir tulikaa meza moja, tunabishana kuhusu biriani, ananiambia watu wa bara tunakula wali na kuuita biriani. Ghafla akanyamaza. Jabir kunyamaza! Nikageuka, naona mdomo umekwenda upande, kijiko kimemtoka, na yeye mwenyewe anateleza kitini kama nguo iliyoanguka kambani. Ukumbi ukalipuka. "Mpeni maji!" "Mpeni sukari!" "Mpepeeni!" Bi Fathiya, mkewe, analia anamwita jina.

Mkwe wangu alikuwa nesi kabla hajawa mtafiti, na ile mashine hutembea nayo mkobani kama wengine wanavyotembea na tasbihi. Nikamwona kwa pembe ya jicho. Alikuja mbio mpaka kwenye meza ya keki, akasimama. Mashine mkononi, amesimama. Kwa sababu hatua inayofuata ilikuwa kupita mbele yangu na kuinama miguuni pangu, alipolala Jabir. Lusekelo akaita, "Baba!" Bi Wairimu akapaza, "Kwani huyo anangoja nini? Anangoja mazishi?"

Ananingoja mimi.

Nikainuka. Nikaenda ukutani, nikageuza uso, nikasimama kama mwanafunzi aliyechelewa namba. Ukuta ule una karatasi ya maua, waridi na majani. Nyuma yangu nikasikia sauti. "Mlazeni ubavu. Asinyweshwe chochote, nimesema chochote! Wewe, toa glasi hiyo. Bi Fathiya, acha kulia unijibu, anameza dawa gani? Yameanza saa ngapi? Pigeni simu ya dharura sasa hivi, mwambieni ni kiharusi." Na watu wazima, wenye ndevu na suti, wanatii.

Nikajiuliza, ni nani huyu? Nani huyu mwenye sauti ya kuamuru namna hii? Mimi sauti za amri nazijua, ndizo zilizonilisha maisha yangu yote. Mwenye kubahatisha hupiga kelele nyingi, akasema jambo lilelile mara tatu. Huyu alisema mara moja. Na nilipokumbuka ni yule niliyempisha, mabibi na mabwana, nilisimama pale ukutani nikajivuna mpaka shati likabana. Nilijisemea: kumbe hiki ndicho kilichokuwa kinanong'ona jikoni kwangu.

Gari la wagonjwa likaja. Hospitali walimwambia Bi Fathiya kwamba aliyewazuia watu kumnywesha maji, na aliyejua saa ugonjwa ulipoanza, alifanya jambo kubwa. Jabir yuko hapa. Mguu unarudi polepole. Ulimi ulirudi wote wiki ya kwanza, kwa bahati mbaya.

Nilikwenda kumwona. Nimefika na chupa ya chai, hata salamu hazijaisha, ananiambia, "Mwasomola, wewe ulikuwa unatazama mauwa ukutani, mie natazama Malaika wa Mauti, tena ana haraka."

Nikamwambia, "Nilikupishia mponyaji."

"Ulinipishia, wallahi, na Mungu akulipe. Lakini nambie, rafiki yangu. Ingekuwa ni wewe ulieanguka, nani angegeuka ukutani? Ungeinukaje ukampisha? Yule mtoto angesimama pale kwenye keki mpaka lini?"

Ndugu zangu, mimi sijapata kukosa jibu. Maneja Mzungu alinifukuza kazi asubuhi, mchana akanirudisha kwa sababu nilikuwa na jibu. Lakini siku ile nilimwambia Jabir chai inapoa.

Msidhani sasa nitasimama hapa kusema desturi ile ilikuwa ujinga. Sisemi. Anayengoja hilo anywe chai yake aende. Lusekelo naye alinijia, "Baba, mambo ni rahisi, tuko Marekani, mwambie tu aje akupime, basi." Basi? Nikamwuliza: mke wako, kabla hajampima mtu wa kwanza, si alikaa akingoja kamati ya chuo impe ruhusa? Si alijaza fomu, akarudishiwa, akajaza tena? Nilisikia ukutani siku walipomkubalia, alipiga makofi. Na kila anayepimwa, si lazima kwanza akubali mwenyewe, kwa hiari, mbele ya shahidi? Ndiyo. Hakuna aliyeiita kamati ile ya kizamani. Basi na sisi mlango wetu una ufunguo wake. Baba mkwe anapotaka kumfungulia mkwe, hupeleka ng'ombe kwa baba wa binti, kisha hulitaja jina lake mbele ya watu. Wao wanaita ridhaa. Sisi tunapeleka ng'ombe.

Nikampigia mdogo wangu Tukuyu. Akaniuliza, "Kaka, Tukuyu mpaka Muleba, ng'ombe apande basi?" Nikamwambia, mjinga wewe, Kagera kuna ng'ombe tangu babu yako hajazaliwa, kanunue hukohuko. Akalalamika mgongo, akalalamika safari, akaenda. Na leo alfajiri simu imelia. Ni Mzee Clement wa Muleba, baba yake binti. Akaniambia, "Mwasomola, nimemwona. Mtamba mweusi, ana doa jeupe kwenye paji. Amelala uani kwangu kama mwenyeji." Nikamwambia, "Mtunze, huyo amekuja kwa ajili ya elimu." Akasema, "Binti yangu na apite."

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwakilishi, umeshika mkasi na utepe umefungwa, lakini kwa idhini yako tutakata baadaye. Mimi nafungua siku hii kwa namna yangu.

Wazee wenzangu, mlisema mnangoja mwenye nyumba ale mchuzi. Leo anakula. Kama kipimo changu ni kizuri, na nasema kitakuwa kizuri, mtakuja mpimwe muone kama mnanifikia. Kama ni kibaya, mtakuja pia, maana kikiwa kibaya kwangu, mimi niliyepanda vilima vya Rungwe miaka yote ile, ninyi wala nyama choma mtakuwaje? Mkitaka kukimbia, hakuna mlango wa tatu. Jabir ameshasema atanifuata. Bi Wairimu amekaa mlangoni, na mnamjua.

Naishukuru kamati kwa kunipa dakika tano na kuvumilia zilizobaki. Namshukuru Mzee Clement, aliyenilelea mtu bila kujua ananilelea mimi. Ndaga fijo, kama tusemavyo kwetu, asanteni sana nyote.

Sasa naomba kiti. Kiti chenye mgongo, kiwekwe hapa mbele, watu waone. Nakunja shati. Ni mkono wa kushoto, nimeuliza.

Benadetha.

Msishangae, nalijua jina lake, nimekuwa nalo muda mrefu. Benadetha, mwanangu, geuka unitazame. Mimi nakutazama. Kumbe ni mrefu hivi! Njoo, pita mbele yangu, na hiyo mashine yako. Na ukipata namba uisome kwa ile sauti ya Oxon Hill, mpaka wa kwenye birika asikie.

Nimeambiwa mtu akipimwa presha hasemi. Nimelichukia sharti hilo, lakini ni la kwake, na leo mwenye amri ni yeye. Asanteni kwa masikio yenu. Nanyamaza.