Gemu la Bishu Lapimwa Barazani

Jumapili asubuhi, watu wakisharudi sokoni na samaki, wali wa mchana haujaiva, hakuna kazi ya maana katika kichochoro chetu cha Kolkata ya kaskazini isipokuwa kukaa kwenye baraza la nyumba ya kina Datta na kusema. Baraza lenyewe ni la simenti nyekundu, limepasuka katikati, linatosha watu wanne, watano wakibanana. Mbele yake Haru anachemsha chai na kuimimina kwenye vikombe vya udongo. Ukimaliza unatupa kikombe ndooni, unaagiza kingine. Hapo huzungumzwa bei ya samaki wa ilish, serikali za nchi ambazo hakuna aliyezikanyaga, na sinema ambazo hakuna aliyeziona. Mtu akisema “sijui” barazani, wenzake humwuliza kama anaumwa.

Jumapili hiyo kesi ilikuwa ya gemu la simu, na aliyeileta ni Tubul. Siku za kazi Tubul ni mtu wa bima tu, lakini jina amelipata kwa kuchambua magemu. Ana chaneli yake, anaongea lugha ya mtaani, na wala hahangaiki na magemu makubwa yanayosifiwa na kila mtu. Yeye bingwa wa yale ya katikati, yaliyoahidi mengi yakaleta kiduchu. Anayapima kwa samaki. Likimkuna ni ilish. Likiwa zuri la kawaida ni rui. Likimwangusha ni perege wa bwawani, yule anayenuka tope. Na lililooza kabisa hulitangaza kuwa ni miiba mitupu.

Sasa safari hii gemu lilikuwa la Bishu. Bishu wa nyumba ya pili kutoka barazani, aliyekua na Tubul kaptula kwa kaptula, aliyeacha kazi nzuri ya kompyuta akajifungia chumba cha uani miaka minne kulitengeneza peke yake. Linaitwa Milima Saba. Tangu alitoe hajakaa barazani tena. Alichofanya ni kumtumia Tubul ujumbe mmoja: “Lichambue kama unavyochambua ya watu. Usinihurumie.” Tubul akafanya hivyo. Video ilikuwa tayari, itajirusha yenyewe saa kumi na mbili jioni.

— Umempa samaki gani? — akauliza Hulo. Hulo ni fundi wa feni, na jina lake maana yake paka dume. Alipachikwa utotoni kwa mambo aliyokuwa akifanya jikoni kwa watu.

— Perege.

Hulo akafunika kikapu chake cha sokoni kwa kiganja, utadhani anataka samaki aliyemo ndani asisikie.

— Perege wa kukaangwa au perege hivi hivi?

— Hulo, perege ni perege.

— Lo. Na Bishu ni rafiki yako.

— Ndiyo maana nimewaiteni. Niirushe au niifute?

Refa-da akakohoa. Huyu ndiye mkubwa wa baraza, mstaafu wa posta, aliyechezesha mpira wa mtaa miaka mingi mpaka filimbi ikageuka jina. Hilo “da” la mwisho ni la heshima ya kaka. Gemu hajawahi kushika hata moja.

— Kwanza tusomee mashtaka, — akasema. — Siwezi kutoa kadi bila kuona rafu.

— Shujaa anaitwa Bir. Katumwa avuke milima saba akaue zimwi. Mlima wa kwanza una mbwamwitu. Wa pili, mbwamwitu walewale, wamepakwa weupe. Wa tatu kuna mmoja kakwama ukutani, miguu inapiga hewa. Kijijini kuna mzee ana sentensi tatu. Umwulize asubuhi, umwulize jioni, zilezile tatu.

— Kama wewe, Refa-da, — akasema Hulo.

— Mimi ninazo nne. Endelea, Tubul.

— Halafu Bir anatembea. Unabonyeza akimbie, anatembea. Unabonyeza tena, anasimama kwanza, anawaza, anatembea.

— Hilo sasa naweza kulieleza, — akasema Refa-da, akajiweka sawa. — Gemu hilo limetengenezwa mchana, baada ya kula. Mtu kashiba wali na dengu, kope zinashuka, na bado anamtengeneza mtu wa kukimbia. Atakimbiaje? Bishu angefanya kazi asubuhi na mapema, Bir angekuwa anaruka sasa hivi.

— Na theluji? — akauliza Tubul. — Milima yenyewe ni theluji tupu. Bishu theluji kaionea wapi?

— Hiyo niulize mimi, — akasema Hulo. — Mwezi wa tano, mwaka juzi, joto lile la kuua, feni ya chumba cha Bishu iliungua. Nilimwambia nitakuja kesho. Nikapata kazi Howrah, nikapata nyingine Dum Dum, nikaja baada ya wiki tatu. Wiki tatu, ndugu zangu, mtu yuko kwenye lile tanuri. Wewe usingechora theluji?

— Kwa hiyo gemu umeliharibu wewe.

— Theluji tu. Mbwamwitu simo.

Wakacheka, Tubul naye akacheka, lakini kicheko kikamwishia mdomoni. Akazungusha kikombe chake.

— Mnajua gemu bovu kabisa lina raha yake. Unalicheka, unamwita jirani mlicheke wote. Na zuri linajisifu lenyewe, halinihitaji. Hili la Bishu halina kosa kubwa wala raha kubwa. Limekaa tu, kama foleni ya ofisi ya serikali. Nimelicheza nikiomba linikosee kitu, nikasirike. Na ninavyompenda Bishu, mngejua. Ningempa ilish ya uongo leo hii. Lakini ataijua. Atanitazama usoni, ataijua, na hapo ndipo nitampoteza.

 Haru akaongeza maziwa sufuriani.

— Mimi ningemsamehe yote, — akasema Hulo, — isipokuwa moja. Bir akijeruhiwa anapona kwa kula nini?

— Kamba.

— Kamba. Wa nini?

— Kamba wa kupikwa na nazi, naona. Picha ndogo, bakuli lina rojo jeupe.

— Mmesikia? Bishu ni wa kwetu. Babu yake na babu yangu walivuka mpaka pamoja, wametoka ng'ambo ya mto Padma na ilish moyoni. Kamba wa nazi ni chakula cha watani zetu, wenyeji wa huku. Kwa kina Bishu sijawahi kuona kamba akipakwa nazi hata siku ya harusi. Halafu shujaa wake anapona kwa kamba. Kuna mkono wa mtu hapo.

— Mkono wa nani?

— Wafanyabiashara wa kamba. Wanataka kuingia kwa watoto kupitia simu. Leo Bir anakula kamba, kesho mwanangu anaikataa ilish, keshokutwa nyumba yangu nzima inashangilia timu ya mpira ya watani.

— Hulo ana hoja, — akasema Refa-da kwa uzito, — lakini haifiki mbali. Mimi nasema Bishu kaliharibu makusudi. Gemu zuri lingemfanya mtu mashuhuri, angehamia ng'ambo. Mama yake ni mzee, hawezi kumwacha. Kwa hiyo kakaa chini, kapiga hesabu, kaweka mbwamwitu ukutani kwa mikono yake mwenyewe. Huo ni ubovu wa mtoto mwenye adabu.

Tubul alikuwa akiyasikiliza haya na moyo unamlegea kidogo, maana upuuzi wa barazani nao ni namna ya kukupooza. Hapo ndipo akafika Jhumur.

Jhumur ni nesi kutoka Cooch Behar, kapanga chumba juu kwa kina Datta mwezi huo huo. Walimjua kwa salamu tu. Alikuwa katoka zamu, macho mekundu, akaagiza chai na kusimama kando akiinywa.

— Samahani, kaka zangu, — akasema. — Mnazungumza lile gemu la milima?

— Karibu, dada, — akasema Refa-da, akasogea apate kukaa. — Umelicheza?

— Nimelimaliza.

Wote watatu wakamgeukia.

— Umelimaliza vipi? — akauliza Tubul. — Huyo Bir hatembei.

— Anatembea polepole. Mimi nikitoka wodini, siku nzima watu wanakimbia, kengele zinalia, namtaka mtu anayetembea polepole. Mbwamwitu wenyewe ukiwapita pembeni hawakufanyi kitu. — Akapuliza chai yake. — Nilitaka kuwauliza tu. Yule mama wa mwisho, mlimjibu nini?

— Mama gani?

— Wa baada ya mlima wa saba. Zimwi lenyewe halipo. Ukishuka mlima, theluji imekwisha, unakuta kichochoro, kina nyumba yenye dirisha la kijani. Ndani kuna mama. Hakuiti jina. Anagonga bangili kwenye nondo za dirisha.

Hulo akaweka kikombe chini.

— Mara mbili, halafu anatulia kidogo, halafu mara moja?

— Hivyo hivyo. Kumbe mmefika. Basi anakukalisha kwenye ngazi, anakupa kamba wa nazi na wali, anasimama akikutazama unakula. Halafu anakuuliza, “Na mwanangu? Amefika?” Simu inakupa majibu mawili. “Bado.” Au “Amefika, ananawa mikono.” Na yule mwana hayupo, unajua hayupo, njia nzima ulikuwa peke yako. Mimi nilishindwa. Nikazima simu. Wodini naulizwa swali hilo mara nyingi, nilitaka kujua wenzangu wanajibu nini. Nyie mlimjibu nini?

 Hulo akatazama kikapu chake. Refa-da akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

Dirisha la kijani lilikuwa la kwao Tubul. Wote pale waliwahi kuitwa kwa ile bangili, lakini Bishu kuliko wote, maana kila akitoka shule alipitia kula kwa kina Tubul, wenyeji wa huku, kamba wa nazi wa mama yake Tubul, aliyemwonya asiseme kwao. Miaka mitano iliyopita mama huyo aliugua ghafla. Tubul alikuwa Bangalore kikazi. Mvua ikazuia ndege, akafika amechelewa, na aliyekuwa kando ya kitanda cha mama mpaka mwisho alikuwa Bishu. Tubul hakuwahi kumwuliza mambo ya siku ile. Kila alipotaka kuuliza, waliishia kuzungumza mpira.

— Hatukufika, dada, — akasema Refa-da taratibu. — Hapa hakuna aliyefika.

— Mimi niliishia mlima wa nne, — akasema Tubul. — Nimelipima, nimelipatia samaki, na niliishia wa nne.

Akatoa simu, akaizuia ile video isiruke jioni. Gemu halikuwa limegeuka zuri. Mbwamwitu bado alikuwa ukutani. Lakini hakuwa amelimaliza, na alijisikia aibu, na chini ya ile aibu kulikuwa na hofu. Akainuka. Hulo akataka kumfuata, Refa-da akamshika mkono.

Bishu alifungua mlango yeye mwenyewe, na fulana ya ndani, ndevu za wiki nzima. Alimtazama Tubul usoni kwanza, kama mtu anayetafuta majibu ya mtihani.

— Perege, — akasema Bishu.

— Sijairusha. Niliishia mlima wa nne.

— Umevumilia. Wengi wanaishia wa pili.

— Ile milima inachosha, Bishu.

— Najua. Milima sikujua kuitengeneza. Nilijua kuitengeneza ile nyumba tu. Nikaona ni kitu cha dakika tano, nani ataita hilo gemu? Nikaogopa kuitoa tupu. Nikaiwekea milima mbele. — Akajaribu kutabasamu. — Nilidhani wewe utafika. Nilidhani utaona peke yako, bila mimi kukuambia.

— Kuna dada kafika. Kashindwa kujibu.

Bishu akainamisha kichwa. Tubul alikuwa na maneno mengi aliyopanga njiani, ya samahani na ya asante. Yote yakamtoka kichwani.

— Hospitalini, — akasema. — Alikuuliza kweli?

— Aliuliza.

— Ukamjibu nini?

Bishu akaegemea mlango. 

— Nilimwambia umefika, uko bombani, unanawa mikono.

— Akasemaje?

— Akasema sawa. Akasema, “Mwambie asile haraka haraka, miiba.” Nikamwambia, mama, leo ni kamba, kamba hawana miiba. Akacheka, Tubul. Akacheka, akafumba macho.