Mama Msumeno na Sega la Gari Langu

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa chumba chetu cha hadubini anastaafu. Wahariri wa jarida la maabara yetu wameniomba nimwandikie kwa sababu mimi ndiye niliyemwajiri. Nimekubali upesi. Daktari wangu ameshaniambia kwamba muda nilionao ni mfupi, na nina jambo la kukiri mbele yenu.

Alifika kwetu na shahada ya kemia, viatu vya kelele, na sauti iliyoingia chumbani kabla yake. Kazi yetu mnaijua. Tunachunguza vichocheo vya ekzosi, vile ambavyo mafundi wa gereji huviita masega, vinavyopunguza sumu ya moshi wa gari. Tunavichoma kwenye tanuri vizeeke haraka, kisha tunatazama joto limevifanya nini ndani.

Katika mwaka wake wa kwanza alilitoa sega la maonyesho kwenye kabati la vioo la mkurugenzi, lile ambalo kila mgeni alipiga nalo picha, akalikata vipande viwili. Ndani hamkuwa na hata chembe ya platinamu, metali inayosafisha moshi. Kumbe tulikuwa tumeletewa udongo mtupu. Mkurugenzi alifoka asubuhi, mchana akamwomba radhi. Mafundi wa karakana wakamwita Mama Msumeno, na jina likamkaa.

Amewalea wengi wenu. Aliyempelekea picha nzuri tu aliulizwa: “Na pale palipokuchukiza umepaficha wapi, mwanangu?”

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Joto kali huzifanya chembe za metali zitembee, zikutane na kuungana kuwa madonge, na donge hufanya kazi kidogo kuliko chembe nyingi ndogo. Jina langu limejengwa juu ya mchanganyiko unaozizuia zisitembee. Katika tanuri letu hazikusogea. Kwa fahari nilifunga sega la mchanganyiko huo kwenye gari langu mwenyewe, nikaliendesha mpaka miguu yangu ilipogoma.

Mwezi uliopita binti yangu aliliuza gari. Wafanyakazi wenzetu wakalichomoa sega kwanza, wapate kuling'arisha, walipachike kwenye ubao wenye jina langu na kuniletea kitandani. Kazi ya kuling'arisha wakampa Mama Msumeno. Jamani, miaka yote hiyo na bado hamkumjua!

Alilikata. Alichokiona kiliwafanya wenzake wamsihi: “Mzee anaondoka, dada. Mwache aende na furaha yake.” Akawajibu: “Mbona mnamzika na bado anakunywa chai?”

Alikuja kwangu na picha mbili, ya sega jipya na ya lile la gari. Nilidhani amekosea kipande. Chembe zangu zilikuwa palepale, ndogo vilevile. Ila sakafu ya alumina zilipokaa, lile tabaka la kauri lenye vitundu vingi, ilikuwa imeporomoka, vitundu vyake vimeziba, chembe zimefukiwa humo nzima nzima, na moshi ukipita juu bila kuzigusa. Maisha yangu yote nilikuwa nawafungia wapangaji milango wasihame, kumbe nyumba ndiyo iliyokuwa ikididimia.

Tanuri halikutuonyesha hayo kwa sababu tulichoma kwa hewa kavu. Moshi wa gari una mvuke, na mvuke katika joto kali huharakisha kuporomoka kwa sakafu. Mimi ndiye niliyepiga marufuku mvuke, kwa kuwa uliozesha mlango wa tanuri. Mlango! Nilisema chembe hazijali mvuke, na kweli hazikujali.

Nilimfukuza. Kesho yake akarudi, akavuta kiti. “Nifukuze tena, Mwalimu, nitakaa barazani. Sina haraka, nastaafu.” Nikacheka mpaka nikakohoa. Kisha akaniambia kilichomleta: vijana wa maabara wanaendelea kujenga utafiti wao juu ya mchanganyiko wangu, na hakuna atakayethubutu kuwazuia nikiwa hai, wala baada ya kunizika kwa heshima.

Basi nawazuia mimi. Mchanganyiko wangu haufai barabarani. Uacheni. Anzeni na sakafu, chomeni kwa mvuke, na mlango ukioza nunueni mwingine.

Bado nimeshtuka. Wote mlinipenda kwa kuninyamazia. Yeye alinipenda akaniambia, nami nikapata nafasi ya kusema kwa mdomo wangu.

Asante, dada yangu. Uwe na afya, ulale mpaka jua lichomoze, wajukuu wakuchoshe kwa maswali. Mapumziko yako yawe marefu na yenye kicheko kingi. Mimi sitayaona, lakini naondoka nikijua hasa ninachokiacha.