Mwalimu Rukaya na Mwiko Uliolowa

Mwalimu Rukaya Mselemu anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kufundisha miaka thelathini na minne, mingi kati ya hiyo hapa shuleni kwetu Shelui. Alitoka Utemini mjini na sanduku moja, betri, waya na balbu ya tochi. Wenyeji walidhani ataomba uhamisho kabla ya mavuno. Hakuomba.

Somo analolipenda ni la vitu vinavyopitisha umeme na visivyopitisha. Kila mwanafunzi huleta kitu kutoka nyumbani kije kuunganishwa kwenye waya. Ufunguo na kijiko huwasha balbu. Kandambili na kipande cha kibuyu havifui dafu. Mwaka mmoja Anuari alikuja na jogoo. Mwalimu alikataa katakata kumpima, na jogoo akatoka dirishani na waya wetu mguuni.

Lakini tunamkumbuka zaidi kwa siku ile ya mvua. Upepo uliangusha waya unaotoka ofisini juu ya bati la jiko la shule. Mpishi wetu, Damari, aliposhika mlango wa chuma, umeme ukamnasa. Msaidizi wake, Chediel, alichomoa mwiko kwenye sufuria ya uji ili ambandue nao, maana Mwalimu huyu huyu alimfundisha kwamba mti haupitishi umeme. Mwalimu Rukaya akapiga kelele: "Umelowa huo! Tupa!" Akakimbia ofisini kuzima swichi kuu. Damari alianguka, mzima, kiganja kimeungua.

Chediel alilishika somo vizuri; somo ndilo lilikuwa limeishia njiani. Mwalimu alilisema hilo mwenyewe, mstarini, mbele ya shule nzima, na machozi yalinitoka. Wiki hiyo aliazima mita kwa fundi umeme, akaleta vijiti viwili vya mti mmoja. Kwenye kijiti kikavu sindano ya mita ilitulia. Kwenye kile alichokiloweka maji ya chumvi, iliruka. Tangu hapo ukisema mti haupitishi umeme, darasa zima linakudaka: "Mkavu! Na uzime swichi kwanza!" Hata mwalimu mkuu ameshadakwa.

Mwalimu, shikamoo, na asante. Kapumzike Utemini kwa afya na amani, alizeti zako zistawi, na wajukuu wakuletee vitu vya kupima, mradi wasilete jogoo.

Pilau ya leo amepika Damari. Hakutaka mtu mwingine aguse mwiko.