Kibati cha Mama

Mwamini: Haloo? Ni nani? Opereta kasema "mzee wa kanisa". Basi sikia kwanza: penye wazee huharibika neno!

Mashaka: Mwamini, ni mimi, Mashaka. Napiga kutoka ofisi ya shamba la mkonge, Kibaha. Hata shikamoo hakuna?

Mwamini: Shikamoo ya umri wako, mzee. Ya cheo chako sina.

Mashaka: Marahaba. Huko bomani Kisarawe ndiko mnakonoa ulimi hu— [waya unakwaruza]

Mwamini: Paza sauti!

Mashaka: Nasema, Jumapili ni Meza ya Bwana! Baraza la wazee tumegawa vibati vya ruhusa jana. Mama yako hakupewa.

Mwamini: Nimesikia. Asiye na kibati hagusi mkate. Miaka kumi na miwili anafagia kanisa lile! Kosa lake?

Mashaka: Alikula hitima. Ya Waislamu.

Mwamini: Ya kaka yake! Mjomba Pazi, tumbo moja na mama. Mlitaka amlilie, halafu wali wake aukatae?

Mashaka: Baraza limeamua. Nawe ukakimbilia kuandika rufaa presibiteri, kwa wakubwa wa makanisa yote, kutuchafua—

Mwamini: Kanisa letu halina askofu. Mzee tunamweka kwa kura, akipotoka tunamshtaki juu. Si wewe uliyenifundisha?

Mashaka: Basi iondoe rufaa hiyo. Jumapili simama mbele ya watu, uombe radhi baraza. Mama yako atapewa kibati palepale. Ninacho mfukoni.

Mwamini: Mama yuko wapi sasa?

Mashaka: Yuko hapa nje, Mwamini. Amejifunga ile kanga yake ya kanisani. Anangoja.

Mwamini: Mzee Mashaka.

Mashaka: Naam, mwanangu.

Mwamini: Siku ile ya hitima, nani aliyepakua masinia ya wanaume?

Mashaka: Sikusi— waya huu—

Mwamini: Mimi. Na nani aliyejibanza nyuma ya banda la kuku, akatuma aletewe ukoko?

Mashaka: [anakohoa] Nilikwenda kutoa pole.

Mwamini: Pole gani inayokula ukoko mara mbili? Mafuta yanakuchuruzika hadi kiwiko! Kisha ukaenda kumhukumu mama, na kibati ukajipa. Kinyaa, mzee. Hata mkono wa simu nautazama kama umeupakaa mate.

Mashaka: Hilo la... la ukoko. Umeliandika?

Mwamini: Limo, na barua imeondoka na posta ya asubuhi.

Mashaka: Ee Mola— opereta, subiri kidogo, bado! Anasema muda umekwisha. Mwanangu, neno moja tu, "nisamehe", nami natoka sasa hivi kumpa mama yako—

Mwamini: Mwambie mama nakuja. Kibati changu nitawarudishia. Tutakaa naye benchi la nyuma, mkate utupite sote wawili.

Mashaka: Mwamini, nakusihi, sema tu—

Mwamini: Kwaheri, mzee. Siombi radhi.